Mtu akiungua vibaya: dakika 20 za maji, na yanayofuata mpaka siku ya tatu

Nimetoka zamu ya usiku kwahiyo mnivumilie nikizunguka zunguka. Kazi yangu ni chumba cha dressing, nasafisha na kufunga vidonda, na vidonda vya moto ndo vinanila muda wangu mwingi, hasa kipindi cha baridi watu wakianza kuchemsha maji ya kuogeshea watoto. Kila nikimpokea mtu swali langu la kwanza sio kaungua na nini, nauliza mlimmwagia maji? kwa muda gani? na majibu ninayopata yananichosha kuliko kazi yenyewe. Tulimpaka dawa ya meno dada. Tulipaka ute wa yai. Kuna jirani alikuwa na manyoya ya sungura. Na maji je? Aaah, maji tuliogopa, si yanaleta malengelenge?

Hayaleti. Malengelenge yanaletwa na moto, na yangetoka tu hata usingegusa tone la maji. Hiyo imani naomba tuizike leo.

Sikia, ukiepua sufuria ya maharage ukaiweka chini, si unaona inaendelea kutokota kidogo wakati moto haupo tena? Ngozi ni hivyo hivyo. Uji ushafutwa, moto ushazimwa, mtoto yuko mikononi mwa mama analia, lakini joto limebaki ndani ya nyama na bado linapika kwenda chini. Kitu pekee cha kulitoa ni maji yanayotiririka. Na kuna jambo lingine watu hawalijui: kidonda cha moto kina sehemu tatu, katikati kumeshakufa hakurudi, nje kabisa ni wekundu tu utapona wenyewe, ila hapo kati kuna ngozi iliyozimia, damu inapita kwa shida, haijafa na haijapona, na inachukua siku mbili tatu kuamua iende upande gani. Kazi yote ya mwanzo, yako nyumbani na yetu hospitali, ni kuivuta hiyo ngozi ije upande wa walio hai. Ndo maana unamuona mtu jumatatu kidonda chekundu cha juu juu, alhamisi kimekuwa cheupe kirefu kwenda ndani na ndugu wanasema hospitali wamemuharibu. Hapana, ile ngozi ya kati imekufa, na mara nyingi ilianza kufa nyumbani siku ya kwanza.

Haya tuanze na dakika ya kwanza. Mtu akiwaka nguo anataka kukimbia, na akikimbia anajipulizia moto mwenyewe, kwahiyo mwangushe chini abingirike, mfunike na blanketi zito au kanga mbili tatu za pamba, usichukue shuka la polista wala pazia la nailoni maana vile vinayeyuka vinaganda kwenye nyama. Kama ni umeme usimshike kabla hujazima swichi kubwa, na kama ni waya wa nguzo uliodondoka kaa mbali kabisa upige 114 zimamoto. Mafuta ya kukaangia yakiwaka jikoni usimwage maji kamwe, yanalipuka yanakurukia usoni, zima gesi funika sufuria na mfuniko, basi. Gesi ikinuka toka nje na watu wote, swichi ya taa usiiguse.

Sasa kuvua. Hapa watu wanasahau sana. Nguo iliyolowa uji au chai inashika joto, itoe haraka, na kwa watoto wadogo kitu cha kwanza kabisa toa PAMPASI. Pampasi inanyonya maji ya moto na kuyatunza, nimeona mtoto mapaja yamepoa vizuri kwa sababu mama alimwagia maji ya kutosha, ila makalio na sehemu za siri zimeiva kwa sababu pampasi hakuna aliyeikumbuka. Vua pete, bangili, saa, cheni, kata shanga za kiunoni na uzi wa hirizi. Najua shanga na hirizi zina maana yake kwenye familia na bibi anaweza kugoma, mwambie kwa heshima tutamfunga tena akipona, kwa sababu baada ya saa moja mbili mwili unavimba na ule uzi unageuka waya unaokaba, na pete tunaikata na msumeno huku mtu anapiga kelele. Nguo iliyogandana na nyama usiivute, kata kwa mkasi kuizunguka, kile kipande kiache kilipo na mwagia maji juu yake.

MAJI DAKIKA 20

Maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Weka simu ikupigie kengele maana ukikadiria kichwani utafanya dakika tatu ukaona umemaliza, mtoto analia na majirani wamejaa, dakika tatu zinakuwa kama saa. Maji yatiririke taratibu, sio bomba la kufungua mpaka mwisho likachubua ngozi.

Huna bomba? Wengi hatuna na hata tulio nalo maji yanatoka jumanne na ijumaa. Chukua dumu la lita 20 na kopo, mgonjwa akae juu ya beseni, mwagia taratibu bila kuacha, yakijaa kwenye beseni chota tena mwagia tena. Kama maji ni machache kabisa lowesha kanga safi weka juu ya kidonda, ibadilishe kila dakika moja au mbili, usiiache ikapata moto pale juu maana hapo umemfunika blanketi. Maji ya kisima yanafaa, ya dukani yanafaa, ya mtungi yanafaa. Kidonda tutakiosha hospitali, ila joto lililobaki ndani sisi tukimpokea saa sita baadaye hatuwezi kulirudisha nyuma.

Na kama umechelewa, yaani umesoma hii wakati mtu kaungua saa moja iliyopita na mlikuwa mmempaka vitu, osha bado. Maji yana faida mpaka kama masaa matatu toka aungue.

Sio barafu. Sio maji ya friji yaliyoganda nusu. Barafu inabana mishipa ya damu, na ile ngozi iliyozimia inahitaji damu ndo izinduke, kwahiyo unaimaliza. Halafu poza kidonda, usimpoze mtu. Mtoto mdogo aliyeungua kifua chote ukimkalisha kwenye maji mwili mzima anapoteza joto lake haraka sana, anaanza kutetemeka, midomo inabadilika rangi, hiyo ni hatari nyingine kabisa. Mwagia pale palipoungua, kwingine mfunike blanketi kavu, akianza kutetemeka au kulegea simamisha maji, mkaushe mfunike muende. Kwa mtu aliyeungua nusu mwili usisubiri dakika 20 ziishe ndo utafute gari, mmoja anamwagia mwingine anatafuta usafiri.

Usipake kitu. KITU CHOCHOTE.

Nirudi kwa yale manyoya ya sungura niliyotaja mwanzo. Huku kwetu ni dawa inayoheshimika, kuna watu wanafuga sungura na manyoya wanayatunza kwenye mfuko, mtu akiungua yanabandikwa juu ya kidonda yanakauka yanakuwa gamba. Na sitawaongopea, kidonda kidogo cha juu juu kitapona chini ya hilo gamba, na hapo ndo sifa yote inapotoka, kwa sababu kidonda kidogo cha juu juu kinapona chini ya kitu chochote ndani ya wiki mbili. Shida ni kile kirefu. Chini ya manyoya usaha unajikusanya, juu pakavu pazuri watu wanasema anapona, siku ya tano mtoto ana homa hataki kula, tukilowesha na kutoa ile takataka tunakuta kijani na harufu. Na kutoa manyoya nywele moja moja kwenye nyama mbichi ni kilio ambacho sitaki mumsababishie mtu.

Dawa ya meno inakauka na kuziba joto ndani, kile kiubaridi unachosikia ni minti tu. Mafuta ya kula, siagi, mafuta ya simba, yote yanafungia joto. Yai bichi lina vijidudu. Unga, majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, hapo unakaribisha pepopunda. Mkojo jamani. Mshubiri uache ukue bustanini. Asali, hapa wajuaji wataniambia mbona hospitali nyingine wanatumia asali, ni kweli ipo asali iliyosafishwa maalum kwa vidonda ila inatumika na anayejua baada ya kidonda kuangaliwa, sio ile ya chupa ya konyagi uliyonunua barabarani. Ile dawa ya zambarau, GV, inapaka rangi kila kitu na daktari hawezi kuona tena kama pekundu au peupe. Na lile la kumimina unga wa kidonge cha rangi mbili juu ya kidonda, acheni, unakauka kama saruji, haufanyi kazi ukiwekwa hivyo, na unafundisha vijidudu kuzoea dawa.

Hata ile krimu nyeupe ya silva ya famasi usiipake nyumbani kwa kidonda kikubwa. Sio mbaya, tunaitumia wenyewe, ila inaacha utando mweupe unaodanganya macho na kidonda lazima kionwe kwanza. Kichanga wa chini ya miezi miwili hapakwi kabisa, wala mtu mwenye aleji ya dawa za salfa.

Malengelenge usiyapasue. Kuna mengine tutayaondoa wenyewe kwa vifaa visafi, wewe yaache, ile ngozi ni plasta ya bure.

Kufunika. Kitu kizuri kuliko vyote ni ile nailoni laini ya roli ya kufunikia chakula, inauzwa supamaketi, tupa mzunguko wa kwanza tumia unaofuata, haigandi kwenye kidonda, inazuia hewa kuchoma (ule upepo ndo unaouma ukifunua) na daktari anaona bila kufungua. Ila iweke kwa vipande, ilaze kwa urefu, usiizungushe mkono kama unafunga zawadi maana mkono utavimba. Kiganja au mguu unaweza kuuingiza kwenye mfuko wa plastiki mpya. Usoni usiweke nailoni. Huna, basi kanga safi iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha kabisa, mliyonayo sandukuni, usichukue ile ya jikoni. Pamba ile ya manyoya manyoya hapana, inaacha nyuzi kwenye kidonda.

Kimeungua kiasi gani na kwa kina gani

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vikiwa vimebanana, ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Sio kiganja chako, cha kwake. Pima viganja vingapi, ile sehemu ya wekundu tu bila lengelenge usiihesabu. Kwa harakaharaka mtu mzima mkono mzima ni 9, mguu mzima 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18, kichwa 9. Mtoto mdogo kichwa chake kikubwa, kinachukua 18, na kila mguu 14. Mtoto akipita 10 au mtu mzima akipita 15 huyo anahitaji dripu, sio suala la kujadili.

Kina ndo kinawachanganya watu. Kidonda cha juu ni chekundu, kinalowa, kina malengelenge na kinauma mpaka upepo ukipita mtu analia. Kile kirefu ni cheupe kama nta, au cha kahawia kigumu kama ngozi ya ngoma, au cheusi, na HAKIUMI. Mishipa ya kusikia maumivu imeungua. Kwahiyo mtoto aliyeungua halafu katulia, ukimgusa pale hashtuki, watu wanafurahi jamani huyu mvumilivu, mimi ndo nakimbia na yule.

Uji ni mbaya kuliko chai, niseme hapo, kwa sababu mzito unaganda kwenye ngozi hautiririki. Mafuta ndo usiseme. Na maji sio lazima yawe yanachemka, maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, mtoto upesi zaidi.

Nenda hospitali leo hii, sio kesho, kama ni usoni, shingoni, mikononi, nyayoni, sehemu za siri, kwenye kiungo kinachokunjika, au kama moto umezunguka mkono au mguu wote kama bangili, au ni umeme, au kemikali, au ni mtoto wa chini ya mwaka, mzee, mjamzito, mtu wa kisukari. Mwenye kifafa aliyeangukia motoni pia, mara nyingi hao wanakuwa wameungua kwa kina kwa sababu hakujitoa, na nenda na dawa zake za kifafa. Kama kidonda ni kidogo lakini ni cheupe hakiumi, nenda.

Moshi nao. Mtu aliyetolewa kwenye nyumba imejaa moshi anaweza kuwa anaongea na anatembea na ngozi haina kitu, chungulia puani kama vinyweleo vimeungua, makohozi kama yana masizi, sauti kama imekwaruza ghafla. Huyo koo linavimba ndani na linaweza kuziba baada ya masaa kadhaa, mkalishe wima usimlaze, na awe wa kwanza kupanda gari hata kama kuna mwingine anapiga kelele zaidi. Anayepiga kelele ana hewa.

Umeme kidonda chake ni kidogo, tundu hapa tundu pale, lakini kati ya yale matundu mawili nyama imepikwa na moyo unaweza kubadili mapigo. Mkojo ukiwa rangi ya cocacola mwambie daktari mara moja. Tindikali ya betri mwagia maji mengi mno, dakika 20 hazitoshi, fikiria saa nzima, na maji yasitiririkie sehemu isiyoungua au jicho lingine. Chokaa au unga wowote wa kemikali pangusa kwanza ukiwa mkavu ndo umwagie.

Safarini

Andika saa aliyoungua. Andika kwenye karatasi, mkononi, kwenye simu, popote. Nitawaambia kwanini. Hesabu ya maji ya dripu inayotumika sana ni mililita 4 mara kilo za mtu mara asilimia alizoungua, na nusu ya hayo maji yaingie ndani ya masaa 8 ya kwanza, yanayohesabiwa toka ALIPOUNGUA sio toka alipofika kwetu. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 hapo ni mililita 4,800, karibu lita tano, nusu yake 2,400. Akifika kwetu baada ya masaa matano zimebaki tatu za kumuingizia hizo 2,400. Sasa ndugu wanne kila mmoja ananiambia saa yake, mmoja jioni jioni, mwingine baada ya adhana, tunafanyaje? Mtu anakufa kwa kukaukiwa, sio kwa kidonda, mishipa inavuja maji yote yanaenda kwenye uvimbe na damu inakosa cha kusukuma.

Mnakumbuka Msamvu Morogoro, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakawa wanachota petroli likalipuka. Siku ile walikufa wengi, ila idadi iliendelea kupanda siku zilizofuata huku majeruhi wakiwa wamelazwa, wengine walishapelekwa Muhimbili, mpaka ikapita watu 100. Moto unaua mara mbili, pale pale, halafu tena wodini, kwa kukaukiwa maji na kwa vijidudu. Na lori la mafuta likipinduka mbele yako kimbia, madumu yaache.

Kama hospitali iko karibu usimpe kitu kinywani aliyeungua sana, anaweza kuingia tieta, chumba cha upasuaji. Kama ni mbali, masaa mawili matatu ya barabara mbovu au mnasubiri kivuko, na ana fahamu hatapiki, mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, pakiti moja lita moja ya maji safi, au sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai kwa lita moja. Maji matupu mengi hapana, soda hapana. Maumivu mpe panadol, mtoto miligramu 15 kwa kilo, yaani wa kilo 10 ni 150, soma chupa maana dawa za maji hazifanani. Aspirini kwa mtoto hapana, na diklofenaki kwa mtu aliyeungua sana pia hapana, figo zake tayari ziko kwenye wakati mgumu.

Mkono uliounguzwa unyanyuliwe juu ya usawa wa moyo. Mfunike mwili, bodaboda na upepo wake mtu anafika kaganda. Kama kuna PF3 inatakiwa, ile fomu ya polisi ya matibabu, mmoja aifuate polisi wengine watangulie na mgonjwa. Na kama mlipaka kitu semeni mlipaka nini, hatuwagombezi. Sawa, mimi nitagomba kidogo.

Mkifika

Tutaanza na hewa, dripu, dawa ya maumivu, sindano ya pepopunda, na tutaweka mpira wa mkojo kwa aliyeungua sana. Ndugu wanakereka na ule mpira, wanaona tunamtesa, lakini mkojo ndo mita yetu, mtu mzima anatakiwa atoe kama nusu mililita kwa kila kilo kila saa na mtoto kama mililita moja, ukipungua dripu inaongezwa. Saa nyingine mkono au kifua kilichoungua kuzunguka kote kinakuwa kigumu kama kopo, vidole vinakuwa baridi au mtu anashindwa kutanua kifua, daktari anapasua ile ngozi iliyokufa kwa mstari mrefu. Inatisha kuona. Msikatae, anafungua njia ya damu na pumzi. Mkipewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa nendeni mapema, msiombe kwanza mjaribu nyumbani.

Msishangae pia mgonjwa akivimba uso siku ya kwanza na ya pili mpaka macho yakafunga. Mtoto anadhani amepofuka, mwambieni yatafunguka, ongeeni naye. Uvimbe unafika kileleni ndani ya siku mbili hivi halafu unaanza kushuka.

Kula, hapa ndo nagombana na ndugu kuliko pote. Mtu mwenye kidonda kikubwa cha moto anachoma nguvu mwilini kama anayebeba mizigo bandarini huku kalala kitandani. Anataka mayai, dagaa, maharage, maziwa, uji wenye karanga, mara tano sita kwa siku. Eti mayai yanaleta usaha. Nani alisema? Leteni mayai, yale yale mliyotaka kumpaka, mchemshieni ale.

Jingine la kuanza siku ya kwanza ni mkao. Mgonjwa atajikunja kwa sababu akijikunja haumi, kiwiko kimekunjwa, kidevu kifuani, ngumi imefungwa, na ule mkao anaoupenda ndo kovu litakavyomfunga maisha yake yote. Aliyeungua shingo asilale na mto, kunja kanga weka chini ya mabega kichwa kirudi nyuma. Kwapa likiungua mkono ukae mbali na mwili. Kila kidole kifungwe peke yake na gozi katikati, vikifungwa pamoja vinaota pamoja kama mguu wa bata, nimewaona waliorudi baada ya mwaka wakitaka kupasuliwa vidole. Anapochezesha vidole atalia, ndo maana tunampa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya dressing na mazoezi, ukiona tumesahau tukumbushe, una haki.

Kama mmeruhusiwa na kidonda kidogo, bandeji ikae kavu, rudini siku mliyopangiwa. Rudini kabla ya hapo, hata usiku, ukiona homa, harufu, maji ya kijani, wekundu unaosambaa kwenye ngozi ambayo haikuungua, au kidonda kilichokuwa chekundu kimegeuka cheupe au cheusi. Na mtoto mdogo siku ya pili mpaka ya nne, hata kama kidonda chake ni kidogo kama kikombe cha chai, akianza homa kali, vipele mwilini, anaharisha anatapika na analegea, usiseme meno yanaota. Ile ni sumu ya bakteria imeingia kwenye damu, inakwenda kasi, mpeleke saa hiyo hiyo na useme mlangoni kabisa kwamba huyu aliungua juzi, maana aliyeko zamu akiona bandeji ndogo na mtoto anaharisha atamuandikia ORS na kumrudisha nyumbani.